Mguu wa Kushoto wa Mama Nyanzala

Jumatatu, 16 Juni 2025
Tumefika Majimoto saa tisa, vumbi mpaka kwenye meno. Mimi na Onesphore. Kwao ni Katumba, mimi mtoto wa duka Mpanda mjini, wote udaktari mwaka wa nne. Utafiti wetu: damu inafikaje miguuni kwa wakulima waliovuka miaka arobaini. Tunatakiwa kupata watu themanini hadi Jumamosi. Dokta Athanasie, bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu anayetusimamia, kasema wakipungua hata kumi tusimpigie simu.

Kitu ambacho simwambii mtu: nachukia miguu ya watu. Nilipochagua mishipa ya damu nilidhani ni mambo ya moyo.

Jumanne, 17 Juni
Mtendaji alitutangaza kwa spika juu ya bodaboda. Wamekuja wanne. Wawili walidhani tunagawa mabuti ya shambani, wakaondoka wamenuna.

Wa nne ni Mzee Telesfori, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Fomu ya ridhaa ina kurasa nne na Onesphore huzisoma zote kwa sauti ya padri. Mzee akalala. Tukamwamsha, tukaanza upya. Kisha nikampaka jeli kifundoni, nikawasha kale kamashine ka kusikilizia damu. Fwuu, fwuu, fwuu.

Akauliza ni nani huyo. Nikamwambia ni yeye mwenyewe, damu yake inapita.

“Kumbe nafanya kazi hata nikikaa,” akasema.

Jumatano, 18 Juni
Foleni! Telesfori kaenda kuwaambia wateja wake wote kwamba mguu wake unanguruma kama injini. Mpaka mchana watu thelathini na wanne. Kila mtu anataka sauti iongezwe, wa nyuma wasikie. Wanashindana. Mama mmoja kaleta mumewe, anaomba tusikilize kama anasema ukweli. Mzee mwingine kaleta ng’ombe anayechechemea. Onesphore alishachukua jeli, nikamvuta shati.

Alhamisi, 19 Juni
Tumefika sitini na mmoja. Halafu Onesphore akagundua kwamba mguu wenye kovu la jembe umepita mara tatu, majina matatu. Mwenyewe hakuona aibu. Alitaka kujisikia tena, na fomu inasema mtu apimwe mara moja tu, ndiyo maana akabadilisha jina, asituharibie utafiti.

Tumekagua upya, kumbe si yeye peke yake. Tumefuta kumi na mmoja. Onesphore hakula.

Mimi nimekula, na sikukumbuka mguu hata mmoja. Naanza kujiogopa.

Ijumaa, 20 Juni
Sijui niandike vipi ya leo.

Saa tano alikuja Mama Nyanzala, Msukuma wa kule Mamba, mjane, umri kama sitini na tano. Alivaa nguo ya kanisani. Akaniita mayu, yaani mama, akakaa, akanyoosha mguu wa kulia kama mtu anayejua atasifiwa. Fwuu, fwuu, safi kabisa. Watu wa foleni wakapiga makofi.

Wa kushoto, kimya.

Nikasogeza. Kimya. Onesphore akabadilisha betri. Kimya. Nikajipima mwenyewe, kamashine kakaimba vizuri. Ndipo nikaushika ule mguu kwa kiganja, kwa mara ya kwanza nikashika mguu bila kufikiria. Wa baridi. Kwenye kidole gumba kuna kidonda kidogo, cheusi pembeni. Anasema kipo tangu Pasaka.

Nikiwa bado natafuta maneno, Telesfori akasema toka nyuma, “Mama, huo umeuegesha?”

Watu wakacheka. Mama Nyanzala akavaa kandambili polepole, akaondoka. Nilimkimbilia mpaka barabarani. Akasema hajaja kuchekwa na watu wa mashineni, akapanda bodaboda.

Nikampigia Dokta Athanasie. Aliuliza tumefikia wangapi. Nikasema sitini na tisa. Kisha nikamweleza ule mguu. Hakuuliza idadi tena. Akasema mshipa umeziba, afike hospitali Mpanda kesho, asikawie, huenda wakampeleka mbele zaidi. Tukiwahi, pengine ni kidole tu. Tukichelewa, ni mguu.

Telesfori alikuwa amesimama pale, amesikia yote. Akasema, “Pikapu ninayo.”

Jumamosi, 21 Juni
Mamba, saa nne na nusu. Naandika nimekaa nyuma ya pikapu, nimepewa mapumziko.

Tulimkuta kwenye kigoda, mpunga umeanikwa mbele yake kwenye maturubai matatu. Telesfori akavua kofia. “Nilikosea, mama.”

“Ulikosea. Kaa.”

Akaniomba nimsikilize tena. Kushoto kimya. Kulia fwuu, fwuu. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

“Kumbe sijaisha mimi,” akasema. “Ni huu tu.”

Nikasema ndiyo, ni huu tu, na ndiyo maana tunaondoka sasa hivi. Akakubali. Kirahisi hivyo. Nilitaka kulia.

Halafu akasema mpunga kwanza ugeuzwe, maana binti yake yuko mnadani mpaka saa saba. Onesphore akaeleza habari ya damu na muda, kwa sauti ile ile ya fomu. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

“Mpunga ukikauka upande mmoja unakatika mashineni. Muulizeni huyu.”

Tukamtazama Telesfori. Akakuna kidevu. “Ni kweli unakatika,” akasema.

Basi tumevua viatu wote watatu, tunakokota nyayo kwenye mpunga, mistari mistari. Turubai la kwanza tayari, la pili tayari. Mfuko wa mama uko mlangoni umefungwa. Onesphore kapendekeza tumbebe hadi kwenye gari huku mmoja akimalizia. Mama amesema atafikiria. Dokta Athanasie kapiga simu mara mbili, nimemwambia tuko njiani.

Sasa mama ananiita. Anasema pale pembeni nimeparuka.