Kutu ya Fimbo Zangu

Kitale, Jumanne jioni, 2009

Mvua haijaacha tangu saa nane. Niko saiba hapa mjini, kwenye kompyuta ya kukodi, viatu vimejaa matope ya kijiji cha Ndalu, na mimi mwenyewe ni hoi bin taabani.

Kazi yangu ni kuuza mashine za kusafisha maji. Natafuta kanisa lenye stima, yaani umeme, naweka glasi mbili mezani: moja ya maji ya kisima cha wenyeji, nyingine ya maji yaliyopita kwenye mashine yetu. Nazamisha fimbo za chuma katika kila glasi, nawasha. Haichukui muda, maji ya kisima yanatoa mapovu na kugeuka rangi ya uji wa wimbi. Yetu yanabaki maangavu. Watu wanashika vinywa. Nami nawaambia, "Huo ndio uchafu mnakunywa."

Ni uongo.

Nilisoma kemia hadi kidato cha nne, najua. Ile rangi ni kutu. Umeme ukipita majini unaila fimbo yenyewe. Maji ya kisima yana chumvichumvi za ardhini zinazoupitisha. Yetu yamechujwa hizo zote, basi umeme unakwama.

Leo maji ya kisima yaliletwa na Mama Nafula, mjane. Kisima kilichimbwa na marehemu mumewe, na majirani wote huteka hapo. Mzee aliugua tumbo mwaka jana, akafariki. Maji yalipogeuka, mama alikuja hadi mezani akayatazama kwa muda mrefu.

"Kijana wangu, kwa hivyo ni hii maji ilimmaliza mzee? Na si ni mimi nilikuwa nampea?"

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa ameketi pale nyuma, ananiangalia. Nikasema, "Huenda, Mama."

Huenda! Mdomo huu wangu.

Nikienda stendi nilipita kwake. Alikuwa amekifunika kisima kwa mabati na anapanga mawe juu yake. Wajukuu walishatumwa mtoni na mitungi, mto ule ule wanamonyweshwa ng'ombe. Akaniona, akanipungia mkono. Akanishukuru, ati nimewafungua macho.

Nilipofika nyumbani, mtaa wa Tuwan hapa Kitale, kabla hata ya kuvua viatu, nilitia chumvi kidogo kwenye maji yetu "safi" nikazamisha fimbo. Yakageuka uji wa wimbi. Nilijua yatageuka, lakini nilitaka kuiona aibu yangu kwa macho. Kisha nikaja hapa kuandika, kwa sababu sina wa kumwambia.

Kesho asubuhi narudi Ndalu na mashine, fimbo na chumvi. Nitayageuza maji yetu mbele yake, na nitamwambia wazi kwamba mimi sijui kilichomuua mzee, na ile glasi pia haikujua. Achemshe maji yake kama watu wote, anywe. Kazi itaenda, najua.

Ninaogopa uso wake kuliko kufutwa. Akinirushia jiwe moja la pale kisimani, nitakuwa nimelitafuta mwenyewe. Mawe yaliyobaki nitamsaidia kuyaondoa.