Pointi Kumi Zisizo Zangu

Hinterwald, Glarus
Jumapili, 15 Septemba 2019

Mpendwa Shangazi Dorli,

Ninatumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na Bwana Glen, na kwamba mgongo wako hauumi tena kama wakati wa Pasaka. Bibi anauliza kila siku kama huko Alberta theluji imeshaanza. Namjibu kuwa bado, ingawa sijui, ili asianze kukufumia soksi nyingine.

Huku sisi hatujambo. Baba amemaliza kukata majani ya mwisho kwenye mteremko wa juu, na ng'ombe watashuka kutoka mlimani Jumamosi ijayo. Mama ana mafua kidogo tu.

Mimi nimeacha shule tangu Julai, na sasa najifunza kuoka mikate kwa Bwana Zopfi. Ninaamka kabla ya majogoo. Kazi naipenda kwa sababu unga hauniulizi maswali. Unanijua nilivyo, Shangazi: mtu akinitaja jina mbele za watu, masikio yananiwaka moto.

Kadi yako yenye picha ya dubu ilifika. Asante sana kwa pongezi. Nimeiweka chini kabisa ya droo, kwa sababu siwezi kuitazama. Baba alikwambia kwa simu kwamba nimechaguliwa katika timu ya mashindano ya kulenga shabaha ya kumbukumbu ya Novemba, tena mdogo kuliko wote. Ni kweli. Lakini hakukwambia nilivyoipata nafasi hiyo, maana hata yeye hakujua.

Inabidi nianze na macho ya Babu. Yamefunga ukungu. Daktari wa macho wa mjini alisema ni mtoto wa jicho, na kwamba yakifanyiwa upasuaji yatafunguka. Babu alikubali mwezi wa Mei. Bibi anasema hakukubali kwa ajili ya kuuona uso wake, alikubali kwa ajili ya bunduki tu. Unajua bunduki zetu za zamani za jeshi hazina darubini: unalinganisha kijino cha mbele na mfuo wa nyuma, na duara jeusi lipo mbali, mita mia tatu. Babu alikuwa anaona vijino viwili na anachagua kimoja. Wazee wa umri wake wanaruhusiwa kuegemeza bunduki juu ya kigoda, lakini yeye hataki. Anasema kigoda ni cha kukamulia ng'ombe.

Yeye ndiye aliyenifundisha. Kitu cha kwanza alichonifundisha si kulenga, ni kutaja. Ukishapiga, kabla wale walio kwenye handaki chini ya mbao za shabaha hawajainua ubao kuonyesha tundu, unajisemea risasi yako imeenda wapi. Mwili unajua. Anasema anayetaja sawasawa bado ni mpiga shabaha hata akipata pointi tatu, na asiyeweza tena kutaja aweke bunduki kabatini akalale.

Mwisho wa Agosti ilibaki nafasi moja katika timu, na tulioiwania tulikuwa mimi na Babu. Tulilala chini bega kwa bega, yeye na karabini fupi aliyoachiwa na kaka yake, mimi na bunduki ndefu ya baba yake. Ubao wake ulikuwa wa saba, wangu wa nane. Tulifika risasi ya mwisho tukiwa sawa kabisa. Tulipiga karibu kwa pamoja. Nilijua papo hapo kwamba nimevuta kwa pupa. Nikasema moyoni: saba, kulia, chini kidogo. Na pembeni yangu nikamsikia Babu akisema polepole, kama mtu anayeonja supu, "Kumi."

Kwenye ubao wake wakapunga bendera nyekundu, hakuna tundu. Kwenye ubao wangu yalikuwepo mawili: moja katikati kabisa, kumi, na moja la saba, kulia, chini kidogo. Babu alikuwa amepiga ubao wa jirani. Nambari hakuiona.

Risasi ni za aina moja, matundu hayatofautiani. Bwana Kaspar Marti, mwenyekiti wa chama, akaja akachuchumaa mbele yangu. Sheria yetu ni kwamba isipojulikana ipi ni ya nani, mwenye ubao anapewa ile bora. Lakini kwanza anaulizwa.

"Jorina, ya kwako ipi?"

Watu wote waliokuwa wakila soseji kwenye mabenchi waligeuka kunisikiliza. Masikio yakaniwaka. Nikafungua mdomo, haikutoka sauti. Bwana Marti akangoja, halafu akasema haya, mtoto hajui, apewe kumi. Na mimi nikanyamaza hivyohivyo, Shangazi. Mwanzo ni kweli nilishindwa kusema. Lakini walipoanza kupiga makofi ningeweza kusema, nikaona ni vizuri kupigiwa makofi.

Balz, yule rafiki yake Babu mwenye duka la baiskeli, akapaza sauti: "Fridli, siku hizi unampigia jirani? Angalia usiku usije ukaingia kitanda cha jirani!" Watu wakacheka. Babu naye akacheka, akanipa mkono, akasema hongera mjukuu wangu. Mkono wake ulikuwa baridi.

Unaona nilichomfanyia? Laiti angekuwa amekosea nambari tu, angecheka kweli. Lakini yeye alitaja kumi, na mimi niliyefundishwa naye kutaja nilinyamaza. Kwa hiyo akaamini kimya changu kuliko mwili wake mwenyewe. Akaona ile saba ndiyo yake, na kwamba hata kutaja sasa hawezi.

Siku iliyofuata alimpigia simu daktari akafuta upasuaji. Bibi alipomuuliza kwa nini, alisema, "Macho ya kutazamia nini?" Akaileta karabini chumbani kwangu, imefungwa kwenye blanketi la jeshi, akasema nikifikisha miaka kumi na minane iandikwe kwa jina langu. Jioni hakwenda tena kwenye uwanja wa shabaha. Alikaa jikoni akimenya viazi ambavyo Bibi alikuwa ameshavimenya. Kila asubuhi natoka kwenda kuoka mikate, na lile blanketi linanitazama.

Nilidhani nitasema kesho. Kila siku ilikuwa kesho.

Jumatatu iliyopita nilimkuta nyuma ya zizi akinoa fyekeo. Nikasimama mgongoni kwake, kwa sababu nilijua nikiuona uso wake sitaweza, nikasema yote. Jiwe la kunolea likasimama.

"Ulitaja ngapi?" akauliza.

"Saba. Kulia, chini kidogo."

"Na mimi nilitaja ngapi?"

"Kumi, Babu. Nilikusikia."

Hakugeuka. Akasema, "Siku zote hizi nimekuwa nikijiona mwendawazimu, na wewe unanipitishia mkate mezani." Halafu akaendelea kunoa. Shangazi, afadhali angenichapa.

Hakusema nami tena siku hiyo wala zilizofuata. Mezani alikuwa akimwomba Bibi ile jibini ya kijani iliyokuwa mbele yangu, na Bibi ananyoosha mkono kuipitisha juu ya sahani yangu. Lakini Jumatano Bibi alinikamata mlangoni, akaninong'oneza kwamba mzee amempigia daktari mwenyewe na kuomba arudishiwe siku yake. Eti alimwambia yule dada wa simu, bila kuulizwa, "Mkono wangu ni mzima, binti. Tatizo ni madirisha tu."

Ijumaa nilikwenda kwenye kikao cha chama. Nilisimama mbele ya meza ya Bwana Marti nikamwambia, na wote walisikia, kwamba ile saba ni yangu na kumi ni ya Babu, na kwamba nafasi ni yake. Balz aliweka glasi yake chini. Bwana Marti alikuna kichwa, akasema risasi iliyopiga ubao wa mwingine haimpi mwenyewe kitu, hata ikiwa kumi. Lakini kwa saba yangu bado nina matokeo, na Babu ana sifuri, kwa hiyo nafasi ni yangu vilevile. Hivi sasa hata kuirudisha siwezi. Niliiba kitu ambacho kingekuwa changu kwa haki, nikamwibia Babu imani ya mwili wake mwenyewe, bila ulazima wowote.

Jana mchana Babu aliingia chumbani kwangu bila kubisha hodi. Akalifungua blanketi sakafuni, akaikagua karabini kwa vidole badala ya macho, akanung'unika kwamba sikuitia mafuta. Akaniambia nilale chini. Bunduki haikuwa na kitu ndani. Dirishani alikuwa amebandika duara jeusi la karatasi. Nikalenga, nikavuta, ikalia tak.

"Taja."

Nikataja, tisa, juu. Akasema hajasikia. Nikarudia. Akasema yeye ana macho mabovu, masikio ni mazima, ila ninayosema hayafiki. Nikarudia na kurudia mpaka Bibi akaita kutoka jikoni chini, "Tisa, juu! Tumesikia sote, hata kuku!" Babu hakucheka, lakini alikaa kitandani kwangu, na tukaendelea mpaka wakati wa kukamua.

Nilimwomba aende yeye Novemba. Akasema jicho litakuwa ndiyo kwanza limefunguliwa kitambaa, daktari hatamruhusu kulala chini na bunduki. Atasimama nyuma yangu. Halafu akasema, "Nenda. Lakini ukipiga saba, useme saba."

Nimemwambia nitasema. Hajaniambia kama amenisamehe, nami sijathubutu kumuuliza.

Upasuaji ni Jumanne ya kwanza ya Oktoba. Nakuomba umpigie simu kabla ya hapo, kwa sababu wewe anakusikiliza. Usimpe pole. Mwulize alitaja ngapi, umwache asimulie.

Wasalimie Bwana Glen na watoto, na majirani wenu waliotutumia asali. Baba, Mama na Bibi wanakusalimu sana, na Balz anasema unadaiwa dansi. Mungu akulinde huko uliko, na barabara zako zisigande mapema mwaka huu. Kadi ya dubu nitaitoa kwenye droo siku nitakayoweza kuitazama.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na kukukumbuka,

Jorina