Neno la Kumwita Yule Aliyetupatia Yai

Jumanne, 13 Novemba 2007

Mvua nyembamba tangu asubuhi, ile ya hapa Birmingham isiyokulowesha lakini haikuachi uanike. Nguo za mtoto zimejaa juu ya hita na nyumba nzima inanuka sabuni.

Leo nimerudi kwa Helen, mshauri wa kliniki. Ni mama wa makamo, mpole, ofisini kwake anavua viatu na kukaa na soksi tu. Ndiye aliyetusikiliza mimi na mume wangu siku daktari aliposema mayai yangu yamekwisha, nami nina miaka ishirini na sita. Tulisubiri zaidi ya mwaka apatikane mwanamke mwenye rangi kama yangu, akubali kutupatia yai lake. Akapatikana. Furaha ana miezi mitano sasa, na nilimbeba na kumzaa mwenyewe.

Nje ya kliniki hakuna anayejua ila sisi wawili. Kanisani wakisema pua ni yangu kabisa, nacheka nao. Nikifika nyumbani najiona kama nimeiba.

Helen anasema tuanze kumwambia mtoto sasa, wakati wa kumbadilisha nepi, kabla hajaelewa lolote. Mazoezi ni yetu sisi, kinywa kizoee. Akifika miaka kumi na nane ana haki ya kuuliza jina la aliyetoa yai, na isiwe ndiyo siku anayosikia kwa mara ya kwanza.

Sawa. Lakini kwa lugha gani? Kiingereza changu ni cha dukani na kwenye basi. Na kwa Kiswahili, huyo "donor" tumwite nani?

Wiki iliyopita nilijaribu "mfadhili". Mume wangu ni Mkongo wa Bukavu, ujana wake ulipita kambi ya wakimbizi, kwa unga wa msaada. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mama Furaha, mufadhili ni ule wa kwenye gunia ya unga. Mutoto wetu hana chapa mugongoni."

Nikacheka pia. Halafu akasema basi tusiseme kitu. Watu wakijua, mtoto ataitwa wa kununuliwa. Hatujaligusa tena, na leo nimekwenda na Furaha tu.

Helen akaniambia nijaribu palepale, kwa lugha yangu, yeye hata asipoelewa. Nikamlaza Furaha kwenye mkeka, nikafungua nepi, nikaanza: "Kuna mama mmoja..."

Nikakwama.

Mama. Limetoka lenyewe, kwa adabu tu, maana mwanamke mtu mzima utamwitaje? Machozi yakanijia. Helen alikuwa ameshika neno hilo moja, akatabasamu, akaniambia ndiyo, mama ni wewe. Nilishindwa kumweleza kwamba sikuwa najisema mimi.

Kwenye basi nikawaza. Yule Mhindi wa Kampala anayeniuzia mihogo mtaa wa Balsall Heath namwita mama, naye ananiita mama vilevile. Mke wa mchungaji ni mama. Hata Helen nimemwandika mama hapo juu bila kufikiri. Hao wote hawajawahi kuninyima usingizi. Mbona huyu mmoja?

Saa kumi na moja jioni nikambadilisha Furaha tena. Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza anaingia, amesimama mlangoni na koti la kazini. Nilijua anasikia. Nikasema taratibu, bila kumtazama.

"Kuna mama mmoja alitupatia yai lake, ndiyo tukakupata wewe."

Furaha alikuwa anavuta soksi yake, hana habari. Mume wangu hakucheka. Hakuondoka pia. Alichukua nepi safi mezani, akanipa, akakaa chini kando yetu, hata koti hajavua.

Akauliza, "Ule mama, anajua tulipata mutoto mwanamuke?"

Sijui. Sikuwahi hata kuwaza kuuliza. Asubuhi nitampigia Helen.