Folda Niliyoiruka

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini mikono yako imepata nafuu, maana kufua mashuka ya watu si mchezo. Sisi tu wazima. Kijiko ameota jino la tatu na ananing'ata bila haya.

Nakuandikia juu ya ile barua ya kuthibitisha masomo uliyonyimwa hapa shuleni, ukakosa nafasi ya chuo cha uuguzi. Usiikunje, isome hadi mwisho.

Kompyuta yetu ya ofisini ni kuukuu. Majina ya wanafunzi wa zamani tunayatafuta kwa kuandika amri. Kuna folda iitwayo "nakala", imejaa majina yaleyale mara ya pili, kwa hiyo huwa tunaiambia mashine iiruke. Wiki iliyopita alikuja dereva mmoja kuomba barua kama yako, nikamwambia jina lake halimo. Akatoa ripoti yake ya zamani ya shule hii, akaniuliza kwa upole kama muhuri wetu ulijigonga wenyewe.

Nikayasoma maelezo ya zile amri siku mbili, Kijiko mgongoni. Kumbe kuruka kuko kwa namna mbili, na maelezo yanazieleza karibu sawasawa. Moja hufuata njia: inaruka folda ile tu uliyoionyesha. Nyingine hufuata jina: inaruka kila folda yenye jina hilo, hata iliyo tumboni mwa nyingine. Ni kama umkataze mtoto kuingia jikoni kwa jirani, naye agome kuingia jikoni hata kwenu. Sisi tulitumia ya jina. Na ndani ya folda ya kila mwaka mna "nakala" nyingine, walimowekwa wanafunzi waliohamia hapa. Kama dereva. Kama wewe.

Tofauti hiyo nimeiandika kwenye karatasi, nimeibandika ukutani. Karani mkuu ameisoma mara mbili, akasema miaka sita anaruka asichokijua, na kwamba Kijiko naye alipwe mshahara.

Sasa lililo moyoni. Karani mkuu ndiye aliyekwambia jina lako halimo, lakini aliyetafuta ni mimi. Na mama aliponiuliza, nilimjibu labda ulituficha, hukumaliza. Niliamini mashine, nikakukana wewe uliyenilea. Jana nimemweleza mama ukweli. Amelia, anataka kukuona.

Barua yako imo humu, ina saini na muhuri. Chuo nimekipigia simu: wanapokea fomu hadi mwisho wa mwezi. Nenda, dada. Kunisamehe kunaweza kungoja, fomu haingoji.

Shemeji na watoto wape salamu zangu.

Mdogo wako,
Mama Kijiko