Saluni Ambayo Sina

Jumamosi, Nyamwaga. Mvua ilipiga alfajiri, mchana jua likatoka, lakini barabara bado ni tope tupu. Roho yangu nayo imechafuka hivyo hivyo.

Nina wivu. Naandika wazi ili nisijidanganye: namwonea wivu mdogo wangu wa damu.

Tangu dhahabu ichangamke huku kwetu, kila aliyebahatika shimoni anamtoa mtoto shule ya Kiswahili anampeleka ya Kiingereza. Na sisi tumo. Baba Ghati alipata kidogo, akasema safari hii pesa isiishie kwenye nyama na bia, Ghati wetu akasome. Lakini shule haichukui mtoto hivi hivi. Anapimwa kwanza kwa kuongea Kiingereza na mwalimu. Akiweza, anaingia la nne na wenzake. Asipoweza, anashushwa mpaka la pili, akakae na watoto wanaong'oka meno ya mbele.

Asubuhi nikampeleka. Madam akaingia naye ndani, sisi wazazi tukabaki kwenye benchi chini ya dirisha. Mimi Kiingereza sikijui. Niliishia la saba, na hicho cha la saba tulikuwa tunakiimba tu. Lakini masikio ninayo. Nikamsikia mwanangu, ambaye nyumbani ukimuuliza kitu anakuna mguu kwa mguu, anamwaga maneno kama mahindi kutoka guniani. Nikadaka "maza." Nikatabasamu. Ananisema mimi!

Halafu nikadaka "saluni." Nikadaka "Kenya."

Mama mmoja pembeni, tunauza naye ndizi gulioni, naye akadaka. "Mama Ghati! Kumbe una saluni? Na kichwa hicho?"

Benchi zima likacheka. Nami nikacheka, huku nikivuta kitenge kichwani.

Sina saluni. Mwenye saluni ni Bhoke, mdogo wangu, aliyeolewa ng'ambo ya Sirari. Likizo ndefu Ghati alikaa kwake. Kule watoto wa Bhoke hata kugombana wanagombana kwa Kiingereza.

Madam akaniita. "Hongera mama. Kazi yako ameieleza vizuri sana."

Ningeweza kunyamaza. Nilitamani kunyamaza, niwe na saluni walau mpaka getini.

"Siyo mimi, madam. Huyo ni mama yake mdogo."

Madam akaangua kicheko. Kumbe Ghati alisema "smoli maza," naye akadhani mtoto anasema mama yake ni mwembamba. Nilipoingia na mwili huu akabaki anashangaa.

Kicheko kikaisha. Akamuuliza Ghati tena mbele yangu, akawa ananitafsiria: nyumbani kwenu mama anapika nini, nani anachunga ng'ombe, migomba mnaitunzaje. Ghati akatazama sakafu. Kiingereza chake chote kiko kwa Bhoke, kwenye nywele na vioo. Cha nyumbani kwangu hana hata neno.

Hiyo iliniuma kuliko benchi lote.

Madam akasema Jumamosi ijayo atampima tena, juu ya mambo ya kwao, ndipo aamue ni la nne au la pili. Nikamuuliza nitamsaidiaje mtoto na mimi mwenyewe sijui kitu. Akasema, "Ongea naye, mama. Kikurya, Kiswahili, chochote. Akueleze anachokiona mwanzo mpaka mwisho. Jioni aje kwangu, maneno ya Kiingereza nitampa mimi."

Nikampigia Baba Ghati kule machimboni. Naye: "Ya nini kuhangaika? Mpeleke kwa Bhoke akanolewe." Kumbe ameshamwambia na Bhoke; kabla sijakaa sawa, ujumbe wa Bhoke ukaingia: Dada niletee Ghati, hata mwaka mzima akae.

Mwaka mzima! Kwani ng'ombe wa kukopeshana?

Jioni hii nikiwa nasonga ugali nikamwambia Ghati anieleze ninachofanya. Akaanza kwa kusitasita, kisha akanoga: maji, unga, mwiko, moshi, na jinsi ninavyofumba jicho moja moshi ukinijia. Sikujua kama huwa ananitazama hivyo.

Nikamuuliza, kusonga kwa Kiingereza wanaitaje?

"Sijui, mama. Hata mama mdogo hajui. Yeye anasema tu songa."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Ugali ulipoiva nikamjibu Bhoke: Ghati haji, anabaki na mimi. Nimeshatuma, ujumbe haurudi tena. Baba Ghati nitamwambia kesho, na najua atafoka.

Sasa naogopa. Madam amesema niongee naye, na nitaongea naye mpaka achoke. Lakini mwanangu akishushwa la pili, nitamwambia nini? Kwamba nilitaka ajifunze kwangu, au kwamba sikutaka tu ajifunze kwa mwingine?