Shemeji Hiza na Roketi Iliyogoma

Kwamndolwa,
Korogwe.
14 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Yusra,

Assalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Mpanda, na Mwantumu aendelee kupata nguvu baada ya kujifungua. Kitovu cha mtoto kimeshadondoka? Ananyonya vizuri? Huyo mzazi mkande kwa maji ya moto, wala usimwonee huruma akilia. Mwambie mama yake mkubwa ndiye aliyesema.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Jua ni kali, mahindi ya shamba la Kerenge tumeshayaingiza ndani, na yule mbuzi wako mweupe amezaa mapacha.

Najua hayo yote unayapitia mbio mbio ukitafuta jina la Hiza. Haya, soma: mumeo yu hai. Anakula, anatembea kwa fimbo, na mguu unapona. Nilikueleza kwenye simu, ukaniambia, "Mwanao amemchoma mume wangu halafu mnanificha," ukakata, na tangu hapo hupokei. Sikulaumu. Ile video inayozunguka kwenye makundi ya simu inanitisha hata mimi niliyekuwepo. Imekatwa pale kwenye moshi, na aliyeikata sijui ana moyo wa namna gani. Bahati nzuri jirani yetu Grasiana anasafiri kuja huko kesho, nimempa barua hii mkononi. Mimi hunipokei, yeye utampokea.

Unajua Hafsa wangu na wenzake wana chama chao cha roketi ndogo, wanazitengeneza kwa karatasi ngumu na kuzitia baruti tumboni, chini ya Mwalimu Paulina. Mara ya kwanza walirushia Handeni mbele ya watu. Ikapanda mpaka ikawa nukta, ikashuka taratibu na parachuti yake, vigelegele juu. Mara hii ilikuwa zamu yetu, hapa kwenye kiwanja cha mpira. Watu walikuja mpaka kutoka Dindira.

Mumeo alifika mapema na suruali yake ya Idi. Hata hajakaa akaanza: "Shemeji, hiyo roketi wakufunge wewe mkiani, nasi tupumzike." Nikamjibu kwamba yeye na kichwa chake kile hata lori lisingemnyanyua. Ndizo salamu zetu hizo, unatujua.

Kamba ilizungushwa mbali kabisa. Mwalimu akatangaza kwa kipaza sauti: hakuna kuvuka kamba, na roketi ikikataa kuwaka asiisogelee mtu mpaka yeye aruhusu, kwa sababu moto unaweza kuwa umejificha ndani. Tulisikia wote, na Hiza alisikia.

Swichi aliishika Hafsa. Tukahesabu naye, kumi kurudi mpaka moja. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kamoshi kembamba kakatoka chini, kakapotea. Hafsa akachomoa waya haraka kama alivyofundishwa. Watu wakaanza kuguna, wengine wakacheka. Mwanangu aibu ikamjaa, nami roho ikaniuma.

Hapo ndipo Hiza aliporuka kamba.

"Haiendi hii!" akapiga kelele. "Watani hatujapewa chetu, itaendaje?"

Ni yule yule aliyelala kizingitini siku ya harusi ya kaka Zaidi, bibi harusi asiingie mpaka aletewe jogoo. Basi akaketi chini kando ya roketi, akaikumbatia ile stendi iliyoishikilia, akadai jogoo. Yusra, uwanja mzima ulivunjika mbavu! Mtani ataguswa na nani? Hafsa analia, "Baba mdogo, toka! Toka huko!" na watu ndiyo kwanza wanazidi kucheka, maana wenye shughuli ndivyo wanavyotakiwa kumsihi mtani. Mwalimu Paulina akapuliza filimbi mpaka macho yakamtoka, wakamwitikia kwa makofi. Kuna mtu akaondoka kweli kwenda kutafuta jogoo. Jamani!

Tulivyomsihi ndivyo alivyozidi kuing'ang'ania. Ukimbembeleza mtani umempandisha bei. Tena akaiegemea ile stendi, ikainama, kichwa cha roketi kikawaelekea watoto waliokaa chini kule mbele. Nikakaona tena kale kamoshi.

Tusi lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikalimeza. Nikajua nikimtukana atanijibu, nami nitamjibu, na atafia pale anacheka. Nikapenya chini ya kamba, nikapiga magoti kwenye vumbi, nikasema kwa sauti yangu yote:

"Shikamoo, baba. Nakuomba uje."

Mimi! Dada wa mke wake! Tangu akuoe hajawahi kusikia neno la heshima kutoka kinywani mwangu. Uso wake ulibadilika palepale. Akaiachia stendi, akanyanyuka. "Shemeji, vipi? Inuka, unanifanyia nini?" Akawa anakuja mbio kuniinua.

Hajanifikia, ikawaka. Stendi ilikuwa imeangukia upande wa pili, mbali na watoto, basi roketi ikatambaa chini kwa chini, ikamchapa shavu la mguu, suruali ikashika moto, nayo roketi ikaenda kuishia kwenye majani nyuma ya goli. Nilimzima kwa kanga yangu. Watoto haikuwagusa hata mmoja. Ingemkuta bado ameikumbatia kifuani, Yusra... hapo siandiki.

Kwa hiyo usimseme Hafsa. Aliyeivuka kamba ni mumeo, na mwenyewe amekwenda kwa Mwalimu Paulina na fimbo yake kukiri, akaomba watoto waendelee na chama chao. Mtaani wanamwimbia "mzaha mzaha hutumbua usaha" kila akipita. Wananichefua. Siku ile si walikuwa wanapiga makofi?

Hafsa hali chakula cha maana. Kila simu ikilia anaitazama, haulizi kitu. Anangoja neno lako, na hakuna wa kulisema badala yako.

Liko na langu, sijamwambia mtu. Tangu siku ile Hiza hanitanii. Jana nilimpelekea uji, nikamchokoza makusudi, nikamwambia amezidi kuwa mbaya mpaka moto umemkataa. Alijikongoja kutoka kwenye kiti na mguu wake ule, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, dada." Nikaitikia marahaba, ningefanyaje? Nikatoka nikaenda nyuma ya jiko, nikalia kama nimefiwa. Siku ya tukio sikulia, nimekuja kulia jana kwa ajili ya shikamoo.

Pokea simu, mdogo wangu. Ongea na Hafsa kwanza. Halafu mwambie mumeo nimechoka kuheshimiwa. Anitukane. Tusi lolote, hata lile la mkiani.

Nisalimie Mwantumu na mumewe Isihaka, na huyo mjukuu wetu mbusu kwenye utosi. Mama Sadala wa Kerenge anakusalimu sana, na Mustafa wangu anasema mbuzi wako wanakula kuliko yeye. Mwenyezi Mungu awafunike nyote huko, akurudishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikatia simu,
Mwaija