Betri Zitatosha

Kwa dada yangu mpendwa,

Natumai barua hii imekukuta mzima, wewe na wanao, na ule mgongo umeacha kukusumbua. Mimi sijambo, tena nina furaha ambayo wewe haitakufurahisha.

Mumeo anarudi nyumbani wiki hii na godoro lake. Kiwanda cha maziwa kimemfukuza. Atakwambia umeme ndio uliomponza. Msikilize, mpe maji anywe, kisha urudi usome hapa.

Unajua nilivyohangaika miezi mitatu na ile ratiba ya umeme wa kiwanda. Mchana mitambo ya kupoza maziwa itumie sola, na jua linalobaki lijaze betri. Jioni, bei ya umeme wa gridi ikipanda, tutumie betri. Ila zisishuke chini ya nusu kamwe, maana mvua ikinyesha gridi hukatika. Shemeji akaichukua, akaandika jina lake, akapewa umeneja. Wenye kiwanda walipomuuliza mimi ni nani, akasema ndimi ninayepangusa vumbi kwenye paneli. Wakacheka, dada! Nami nikacheka, huku roho inaniuma kama jino bovu.

Basi, tamaa mbele, mauti nyuma. Ili aonekane anaokoa zaidi, akaufuta mstari wa ile nusu ya akiba. Kila jioni betri zikakamuliwa hadi tone la mwisho. Bili ilishuka kweli, naye akatembea kifua mbele. Jumanne ikanyesha, gridi ikakatika mpaka asubuhi, betri tupu. Lita elfu sita za maziwa zikachacha.

Sasa nikwambie la moyoni. Ule mstari niliona umefutwa mwezi mzima kabla, nikanyamaza. Na Jumanne saa kumi jioni, wingu limetanda tangu asubuhi, alinipigia simu. Kwa mara ya kwanza aliniita mdogo wake, akaniuliza kama betri zitatosha gridi ikikatika. Nikamwambia zitatosha, asiwe na wasiwasi. Nilijua hazitadumu hata saa nzima, na kwamba bado alikuwa na muda wa kukodi jenereta. Nilijua pia wanao wanakula kwa mshahara ule. Nilikufikiria, dada, Mungu ni shahidi, na bado nikamwambia zitatosha.

Wabusu watoto. Usiponijibu nitaelewa, na ukinitukana nitapokea. Ila kumwomba radhi yeye, hilo usinitume.

Ni mimi mdogo wako, wa tumbo moja.